Gauni la Kitenge la Kazini: Namna ya Kulishonesha Dodoma Likukae Sawasawa

Kila Machi 8 inapokaribia, simu yangu hujaa picha za aina moja. Dada amesimama mbele ya kioo, gauni jipya la kitenge mwilini, mkono mmoja ameushikilia mgongoni pale zipu ilipogoma kupanda. Sare ya Siku ya Wanawake imekuja imebana. Kitambaa kimekwisha, fundi ameshalipwa, na maandamano ni kesho asubuhi.

Nimeziangalia picha hizo kwa uchungu, kwa sababu karibu zote zina kosa lile lile, na kosa lenyewe lilifanyika kabla mkasi haujagusa kitambaa. Fundi alionyeshwa picha ya mwanamitindo aliyesimama, naye akashona gauni la mtu wa kusimama. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye gauni anakaa kitini kwa saa nane kila siku, anapanda daladala ya kwenda Mtumba asubuhi, anainama kutoa faili kabati la chini, na jioni anapitia sokoni kununua mboga.

Mwongozo huu ni wa gauni moja tu: la kazini, la kitenge, lenye mikono, linalovuka goti. Ukiliweza hili, mengine yote utayaweza.

VITU VYA KUANDAA KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

- Kitenge cha pamba. Gauni lililonyooka linataka yadi 3. Solo (sketi inayopanuka chini kama mwavuli) au marinda mengi, yadi 4 hadi 5. Kama maua ya kitenge ni makubwa, ongeza nusu yadi, maana fundi atahitaji kuyapanga yakutane mbele na mgongoni.
- Bitana nyepesi ya pamba. Ya nailoni iache dukani; Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likipanda, itakugandia mwilini kuanzia saa tano.
- Zipu, uzi na vifungo. Nunua mwenyewe ukiwa umeshika kitenge mkononi. Ukimwachia fundi, atatumia uzi uliopo mashineni.
- Futi ya fundi iliyo yako. Za kitambaa hutanuka zikizeeka, na futi iliyotanuka hutoa namba ndogo kuliko mwili wako.
- Sidiria na viatu utakavyovaa na gauni hilo.
- Gauni lako moja la zamani linalokukaa vizuri. Fundi akilishika mkononi ataelewa kwa dakika moja kile ambacho ungekieleza nusu saa.
- Daftari na kalamu.
- Siku 14. Muda ni kifaa kama vingine. Chini ya hapo utaikosa hatua ya saba, na hatua ya saba ndiyo inayookoa magauni.

HATUA YA 1: PANGA TAREHE KWANZA

Mafundi wa mjini wana misimu. Wiki mbili kabla ya Machi 8 na kabla ya Mei Mosi wanashona sare za ofisi nzima nzima. Idi na Krismasi unazijua. Novemba na Desemba ni mahafali ya vyuo. Halafu kuna Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, mji unapofurika wageni na kila mtu anataka nguo mpya.

Gauni lako likiingia katika foleni hizo, linakatwa usiku na kushonwa na msaidizi. Hesabu kurudi nyuma: unalitaka lini? Toa siku 14, kisha toa nyingine saba kama msimu umekaribia. Tarehe utakayoipata ndiyo ya kupeleka kitambaa.

HATUA YA 2: NUNUA KWA MKONO

Maduka ya vitenge yanayozunguka Soko la Majengo yanatosha kabisa. Wengine hupanda treni ya SGR alfajiri, wakazunguka Kariakoo mchana, jioni wakarudi, jambo lililowezekana kwa wepesi tangu treni hiyo ilipozinduliwa rasmi Agosti 2024. Ukiwa unanunua kwa ajili ya ofisi nzima safari hiyo ina maana. Kwa gauni moja, nauli inakula faida.

Popote unaponunua, fanya haya matatu mbele ya muuzaji. Geuza kitambaa: kwenye kitenge kizuri cha waksi rangi ya nyuma hukaribia kulingana na ya mbele. Kikunje kwa nguvu kiganjani, hesabu hadi kumi, achia. Pamba hubaki na mikunjo, polista, yaani nyuzi za kiwandani, hurudi kana kwamba haikuguswa. Lowesha ncha ya kitambaa cheupe kwa maji, sugua sehemu nyeusi zaidi ya kitenge. Rangi ikihamia, tafuta kingine.

Ukifika nyumbani, choma nyuzi mbili tatu za ukingoni. Pamba huacha jivu na kunuka kama karatasi inayoungua. Ikiyeyuka na kuacha kipande kigumu mfano wa shanga, ina polista.

Tahadhari kuhusu rangi: kitenge chenye uwanja mweupe hupendeza dukani, lakini kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa hapa hubeba vumbi jekundu, na pindo jeupe halimalizi siku. Bluu iliyokolea, kijani cha mwarobaini, kahawia na zambarau ya zabibu vinavumilia.

HATUA YA 3: LOWEKA KABLA YA KUKATA

Watu huiruka hatua hii kwa sababu kitambaa kipya kina mng'ao na hawataki kuupoteza. Mng'ao ule ni wanga na dawa za kiwandani. Utatoka tu, suala ni utoke kabla ya kushona au baada.

Pamba isiyofuliwa inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5. Yadi 3 ni inchi 108, kwa hiyo asilimia 4 peke yake ni zaidi ya inchi 4 za urefu. Gauni lililofika chini ya goti siku ya kwanza linaweza kuwa juu ya goti baada ya kufuliwa.

Loweka kitenge na bitana, kila kimoja peke yake, kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa mbili. Suuza, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Kisha pima tena urefu. Namba hiyo ndiyo yadi ulizonazo kweli.

HATUA YA 4: MTINDO UFUATE SIKU YAKO

Chukua daftari. Andika siku yako ya kazi tangu unapofunga mlango hadi unaporudi. Unasafiri kwa nini? Unakaa au unasimama? Unapanda ngazi? Unaandika ubaoni? Unanyonyesha? Kila jibu lina sehemu yake kwenye gauni.

Anayekwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali kila asubuhi, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, ana ngazi ya daladala ya kupanda na bomba la kushika juu ya kichwa. Sketi ya penseli isiyo na mpasuo itamtesa mara mbili kwa siku. Apewe mpasuo wa nyuma wenye kipande cha ndani kinachofunika, na kwapa pawe na nafasi ya mkono kuinuka bila gauni zima kupanda.

Wa bodaboda nawaomba kitu kimoja: msishone gauni linalowalazimisha kukaa upande. Ni hatari, na hakuna mtindo wenye thamani ya mguu. Shona sketi yenye marinda machache, vaa skintaiti ndani, kisha kaa kwenye pikipiki ukiwa umetazama mbele.

Mwalimu na mhadhiri, mikono ivuke kiwiko kidogo na isiwe na mapambo mapana. Chaki na wino hupenda mikono mipana. Mwandishi wa habari anayeshinda viwanja vya Bunge anahitaji mifuko miwili ya kweli, yenye kina cha inchi 9, ya simu na kinasa sauti. Mwenye duka anayeinama na kuinuka kutwa nzima, shingo isishuke mbele. Aliyerudi kazini baada ya likizo ya uzazi ya siku 84, zipu au vifungo vije mbele, vilivyofichwa chini ya ukanda wa kitambaa. Akipata mapumziko ya kunyonyesha asilazimike kuvua gauni zima.

Kwa watumishi wa umma kuna waraka wa mavazi wa mwaka 2007. Nguo za kubana, nguo fupi na zinazoonyesha mwili hazikubaliki ofisini. Juni 2021 mbunge mmoja mwanamke alitolewa ukumbini hapa Dodoma kwa sababu ya mavazi, baada ya mwenzake kulalamika kwamba suruali yake inabana. Niliumia kuona mwanamke mwenye kazi ya wananchi akijadiliwa kwa suruali. Ndiyo maana nasisitiza gauni likae kwa nafasi yake: mtu akikuita mezani mazungumzo yawe kuhusu kazi yako.

Jambo la mwisho ni upepo. Solo nyepesi Julai na Agosti hupanda yenyewe. Mwambie fundi akunje pindo pana, inchi 2 hadi 3. Uzito wake huishusha sketi, na ukihitaji kuliongeza urefu baadaye kitambaa kipo.

Umalize hatua hii ukiwa na mchoro wako mbaya wa mkono wenye maelezo matano au sita pembeni. Mchoro mbaya wenye maelezo humsaidia fundi kuliko picha nzuri ya mtandaoni.

HATUA YA 5: VIPIMO, UKIWA UMEKAA PIA

Pimwa na mtu mwingine, umevaa sidiria ile ile na viatu vile vile. Simama kama unavyosimama kila siku. Usivute tumbo, tumbo halitavutwa saa nane mfululizo. Kati ya futi na mwili viwepo vidole viwili.

Andika kwa inchi: mzunguko wa kifua panapojaa zaidi, chini ya kifua, kiuno, nyonga panapojaa zaidi, bega hadi bega kwa mgongoni, bega hadi ncha ya titi, bega hadi kiuno, mbele na nyuma kila kimoja peke yake, mzunguko wa mkono juu, urefu wa mkono, urefu kutoka bega hadi unapotaka pindo liishie.

Bega hadi ncha ya titi husahauliwa sana, na ndiyo inayoamua mikunjo ya kifuani, ile inayoshonwa kulipa gauni umbo la kifua, ikae wapi. Mikunjo ikikaa juu mno, kifua huonekana kimebanwa hata kama gauni ni pana. Na mbele na nyuma si sawa. Mwenye kifua kikubwa anahitaji urefu zaidi mbele, la sivyo gauni litapanda tumboni na mshono wa kiuno utakaa mshazari.

Sasa kaa kitini. Pima nyonga tena. Kwa wengi wetu namba huongezeka, wakati mwingine inchi 2 nzima. Mfano: nyonga ukisimama ni 42, ukikaa ni 44. Fundi aliyepewa 42 na kuongeza inchi 1 ya nafasi atashona 43, na hapo ndipo mshono wa nyuma unapoanza kufumuka, mwezi wa kwanza tu kazini. Mpe 44, aongeze 1.

Kifuani ongeza inchi 2 hadi 3. Kiunoni 1 hadi 2.

Kipimo cha mwisho, ambacho mafundi wengi hawakiulizi: weka mguu mmoja juu ya kigoda chenye urefu wa ngazi ya daladala, zungusha futi kwenye magoti yote mawili, soma namba. Ongeza inchi 2. Huo ndio upana wa chini kabisa unaoruhusiwa magotini. Kama mtindo ni mwembamba kuliko hapo, mpasuo ni lazima.

Rudia kupima kila kitu mara ya pili. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu inchi, futi iliteleza. Pima ya tatu.

HATUA YA 6: KUZUNGUMZA NA FUNDI

Usimchague fundi kwa magauni yaliyoning'inia mlangoni. Hayo alishona kwa nafasi. Omba kuona nguo ya mteja inayosubiri kuchukuliwa, igeuze ndani nje. Tazama kama ncha zimepigwa ovaloki, kama mshono umenyooka, kama maua yamekutana kwenye zipu. Ndani ya nguo ndiko fundi anakoonekana.

Kati ya mafundi wa vibarazani Majengo wamo wazuri mno, na kati ya wenye maduka makubwa wamo wabovu; kodi ya fremu haishoni.

Ongea naye kwa heshima na kwa uwazi. Mimi husema hivi:

"Fundi, shikamoo. Nina kitenge yadi tatu, nimeshakiloweka. Gauni la kazini, nakaa sana. Vipimo hivi hapa, naomba na wewe unipime tuone kama vinalingana. Ndani uniachie inchi moja kila upande. Na kabla hujamaliza naomba nije kulijaribu likiwa na bandi, ule mshono wa muda."

Akijibu "Usijali dada, mimi nakuona tu najua," mshukuru na uende kwa mwingine. Akichukua futi na kukupima, umempata.

Inchi moja ya akiba ubavuni usikubali kuikosa hata kwa bei ya punguzo. Miili hubadilika, na gauni lisilo na akiba ndani likibana mara moja limekwisha.

Kubalianeni bei, andika kwenye daftari, lipa nusu. Nusu ya pili ni baada ya kulivaa. Ukilipa yote siku ya kwanza, gauni lako huhamia chini ya rundo. Hilo nimeliona mara nyingi hata kwa mafundi waaminifu, kwa sababu naye ana kodi ya leo na mteja wa leo.

HATUA YA 7: JARIBIO LA BANDI

Hapa ndipo siku 14 zinapolipa. Siku ya saba au ya nane, gauni likiwa limeshikizwa kwa bandi tu, kabla ya mshono wa kudumu, ovaloki na bitana, nenda ukalivae. Bandi hufumuliwa kwa dakika mbili. Mshono wa kudumu hufumuliwa kwa saa nzima na huacha matundu.

Nenda na sidiria na viatu vyako. Vaa, simama, mwambie fundi asiseme chochote kwanza. Kisha fanya kwa mpangilio huu:

Inua mikono yote juu kama unashika bomba la daladala. Pindo likipanda zaidi ya inchi 2, tundu la kwapa limekatwa chini mno. Hili lirekebishwe sasa; baadaye haliwezekani.

Kumbatia mabega yako mwenyewe. Mgongo ukikaza, upana wa nyuma ni mdogo. Inchi ya akiba ifunguliwe ili kupanua.

Kaa. Hesabu hadi sitini. Tazama kiunoni: mikunjo ya kulala kuelekea zipu maana yake nyonga zimebana. Tazama magoti: yabaki yamefunikwa, au uongezewe urefu.

Inama kuchukua kitu sakafuni, mbele ya kioo. Shingo ikiachia, ipandishwe inchi 1.

Geuka upande. Mshono wa ubavu unatakiwa ushuke wima kutoka kwapani hadi pindo. Ukivutwa kuelekea mbele, tumbo au kifua kinahitaji nafasi. Ukivutwa nyuma, makalio yanahitaji. Huu ni ukaguzi wa kuaminika kuliko yote, na wachache sana wanaufanya.

Fundi aweke pini na chaki ukiwa umelivaa. Usikubali "nitakumbuka." Andika masahihisho kwenye daftari, lipige picha gauni likiwa na alama zake.

Usichanganyikiwe ukikuta makosa matatu au manne. Hata fundi hodari hukuta. Gauni lisilo na kosa lolote kwenye bandi huwa ni pana mno.

HATUA YA 8: LITEMBEZE MJINI

Siku ya kulichukua nenda asubuhi, si saa kumi na mbili jioni fundi anapofunga. Livae hapo hapo, lipa ukiridhika, na ulitembeze kabla ya siku ya kazi.

Njia yangu ni hii. Naanzia Majengo, natembea kwa miguu hadi Nyerere Square, nakaa kwenye benchi dakika kumi. Pale kuna upepo na kuna watu, vyote viwili vinafaa. Kisha napanda bajaji, kuingia na kushuka, maana mlango wake mfupi hukulazimisha kuinama na kuinua mguu kwa pamoja. Nikishuka naingia mahali pa chai na kuagiza kitu cha kula kwa mkono.

Kama kwa saa hiyo nzima hukulivuta gauni chini, hukulishika kifuani na hukuikumbuka zipu, limekaa. Kama mkono ulikwenda mahali pale pale mara tatu, mrudie fundi siku hiyo hiyo na umwonyeshe mahali hapo tu.

HATUA YA 9: KULIFUA KWA MAJI YETU

Mitaa mingi ya Dodoma hupata maji yenye chumvichumvi. Sabuni haitoi povu, mtu anaongeza nyingine, na mabaki yake ndiyo yanayofifisha kitenge na kukifanya kigumu. Tumia sabuni ya maji kidogo, suuza mara tatu. Ukiwa na maji ya mvua kuanzia Desemba, tunza ndoo moja kwa ajili ya vitenge.

Kung'uta vumbi kwanza likiwa kavu. Vumbi likikutana na maji huwa tope na kuingia kwenye nyuzi za pindo. Geuza ndani nje, anika kivulini, piga pasi kwa upande wa ndani.

Mabaki ya kitenge usimwachie fundi. Kata kipande cha kiganja, kitie kwenye bahasha pamoja na kifungo kimoja cha ziada na karatasi yenye vipimo, tarehe na masahihisho yote ya bandi. Ukipeleka kitenge kingine, bahasha hiyo ndiyo ya kwanza kumkabidhi fundi.